Skuta ama pikipiki ya Boxer ya kwenda kazini Nakawa? Mimi nimekuwa nazo zote mbili

Dada nimesoma swali lako mara mbili. Unakaa Kireka, kazi iko Nakawa hapa Kampala, kilomita 6 hivi, una shilingi milioni 4 mkononi, hujawahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli, na umechoka kulipa boda elfu 3 asubuhi na elfu 4 jioni. Wenzangu hapo juu washakutajia pikipiki kumi na mbili, kila mtu anasifia yake. Mimi nakuuliza kitu kimoja kwanza: kutoka lami mpaka mlangoni kwako njia ikoje mvua ikishanyesha? Manake hapo ndipo pikipiki yako inachaguliwa, si dukani.

Mimi nilitoka Tororo nikaja kupanga huko chini Kasokoso na kazi yangu ilikuwa Nakawa vilevile, kwa hiyo hiyo safari yako naijua kona kwa kona. Nikanunua skuta, zile za injini ya cc 50 zinazotoka Japan zishatumika, nyekundu, imepigwa rangi inang'aa kama kikombe kipya. Kwenye lami ilikuwa raha tupu, hakuna klachi hakuna gia, unavuta mafuta inaenda unashika breki inasimama, zote mbili ziko mkononi kama baiskeli. Shida ilikuwa nyumbani. Ile skuta ina magurudumu ya inchi 10, sasa shimo ambalo Boxer inaingia na kutoka bila hata kujua, hiyo skuta inaingia na kubaki humo humo na wewe. Jioni moja mvua ya saa kumi ilikuwa imepita, nateremka kuelekea nyumbani polepole kabisa, gurudumu la mbele likazama kwenye mfereji ambao asubuhi haukuwepo, nikaenda chini na kilo 2 za sukari nilizokuwa nimeweka hapo pa kukanyaga. Mimi sikuumia, sukari ndiyo ilikwisha. Watoto walicheka mpaka wakachoka alafu wakanisaidia kuinua.

Lakini kilichonitoa kwa skuta si hiyo anguko, ni mkanda. Skuta haina cheni, ina mkanda wa raba ndani ya kava upande wa kushoto, na ule mkanda haukupigii hodi, siku ukichoka unakatika tu, injini inalia gurudumu halizunguki. Wangu ulikatikia barabara ya Kinawataka. Nikasukuma mpaka kwa fundi wa kwanza, akafungua kava, akaangalia, akafunga, akaniambia mzee hii mimi sijawahi kuona. Wa pili vilevile. Nilizunguka maduka ya spea kutoka Kisekka mpaka Ndeeba na ule mkanda uliokatika nimeuvaa begani, siku tatu, ndio nikapata wa kufanana, na hizo siku tatu nilikuwa nalipa boda kama wewe. Kwa Boxer hiyo kitu haipo. Kebo ya klachi ikatike hata saa tatu usiku, unasukuma mpaka steji yoyote ya boda unapata mtu ana kebo kwenye boksi na anaifunga huku anaongea na simu.

Kwa hiyo nikauza nikachukua Boxer 100, na hapo ndio nikaelewa kwa nini imejaa hii Uganda kila kona. Si nzuri, wacha watu wasikudanganye, kiti kigumu, breki za ngoma mbele na nyuma, taa yake ni kama mshumaa. Ila magurudumu ni inchi 17, injini iko juu mbali na mawe, oili inaingia lita moja tu, na spea zinauzwa mpaka kwenye maduka ya mkate. Kwa mtu anayejifunza gia ni 4, kwenye yangu unakanyaga mbele kwa vidole kupanda na unakanyaga nyuma kwa kisigino kushuka. Zingine zimegeuzwa, ya kwanza unakanyaga chini zinazofuata unanyanyua, kwa hiyo ukiazima pikipiki ya mtu uliza kabla. Mimi sikuuliza, nikataka kupanda gia nikashuka, nyuma ikateleza kidogo mbele ya trela. Nilisimama pembeni nikanywa soda nzima.

Kitu kingine hakuna aliyekwambia: ukiwa na Boxer wewe ni boda, upende usipende. Niko kwenye taa za Nakawa siku moja, nimevaa shati la kazi na tai, nikasikia pikipiki imezama nyuma. Kugeuka, mama mmoja ashapanda, ameweka ndizi mkungu mzima kati yetu, ananiambia "ssebo, Banda," yaani bwana, nipeleke Banda. Taa ikawaka kijani. Nilimpeleka Banda, ningefanyaje, na akaninyima mia tano ati nimechelewa kona. Na steji nazo, ukisimama karibu kungoja rafiki wanakuja kukuuliza wewe ni wa wapi. Kwa mwanamke labda itakuwa kidogo, sijui, ila kama hilo linakusumbua basi skuta inakupa amani, hakuna mtu anasimamisha skuta. Na kama unavaa sketi kazini pia skuta ina pointi yake, unakaa miguu pamoja, na chini ya kiti kuna nafasi ya begi na koti la mvua.

Sasa mafuta, kwa sababu naona watu wamebishana hapo juu ukurasa mzima. Piga hesabu. Kilomita 12 kwa siku, siku 6, ni 72 kwa wiki. Skuta ya 110 nimeipima inaenda kama 45 kwa lita mjini, Boxer yangu 55. Hiyo ni lita 1.6 na lita 1.3. Tofauti hata nusu lita haifiki, ni kama 1,500 kwa wiki, bei ya chapati na chai. Na wewe saa hii unalipa 42,000 kwa wiki kwa boda! Hata ule mwezi wa kwanza wa 2022 malori ya mafuta yalipokwama mpakani Malaba na Busia madereva wamegomea pesa ya kupimwa corona, lita ikafika elfu 10 sehemu zingine, mimi bado nilikuwa natumia chini ya nusu ya hiyo yako. Kwa safari fupi namna hii usichague kwa mafuta kabisa. Za umeme pia wamekutajia, sawa, hazina kelele na ni tamu, ila mpango wa kubadilisha betri unamfaa boda anayekimbia siku nzima, wewe wa kilomita 12 hautakulipa haraka.

Milioni 4. Boxer mpya na namba yake inapita 5, kwa hiyo ni ama used ama mkopo. Mkopo wa kila wiki mimi siupendi, binamu yangu alichukua, alipomaliza akajumlisha risiti akakuta amelipa pikipiki moja na karibu nusu ya nyingine. Na yeye alikuwa anabeba abiria, inajilipa. Wewe utailipa na mshahara.

Ya used basi, na hapa ndipo nilipigwa. Niliuziwa Boxer na mtu mmoja akaniapia ni ya mwalimu, haijawahi kubeba abiria. Kiti kilikuwa kipya, hilo likanifurahisha, bure kabisa, kiti kipya kwenye pikipiki ya zamani maana yake cha zamani kilikaliwa kikaisha. Ningeangalia tu zile raba za kukanyagia abiria: zilikuwa zimelika mpaka chuma kinaonekana. Huyo mwalimu alikuwa anabeba darasa zima. Alafu meno ya sproketi ya nyuma, lile duara linaloshika cheni, yalikuwa yamechongoka yamelala upande mmoja kama meno ya msumeno, hiyo ni cheni na sproketi zote mbili kubadilisha, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zilikuwa chache ajabu kwa sababu kebo yake ilikuwa imechomolewa.

Kwa hiyo ukienda kuangalia, nenda asubuhi bila kumpigia, na cha kwanza weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto ashaiwasha kabla hujafika, anaficha kitu. Iwe baridi, uiwashe wewe kwa kiki, angalia moshi, ukiwa wa bluu usinunue. Ishike gurudumu la nyuma ulitingishe kushoto kulia, likicheza kuna bushi ama beringi zimekwisha. Mwisho soma namba ya chesisi na ya injini, moja moja kwa kidole, ulinganishe na logibuku, ile kadi ya umiliki, na jina la kwenye logibuku liwe la huyo anayepokea pesa. "Mwenyewe yuko safari" ni hapana. Mimi logibuku yangu ilikuwa na jina la mtu wa tatu huko nyuma, kumtafuta aje asaini kulinichukua miezi minne na nauli za kwenda Mbale.

Usitumie milioni 4 zote kwenye pikipiki. Weka pembeni pesa ya helmeti ya maana, si zile za plastiki zinazopasuka zikianguka toka mezani, na stika ya bima, na koti la mvua, na pesa ya kujifunza na kupata permit ya daraja A, ile leseni ya pikipiki. Mwalimu wako asiwe kaka wa steji mwenye haraka. Jumapili, kiwanja cha shule, wiki mbili kabla hujagusa Jinja Road na yale matrela yake. Kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha, kwenye maramu yenye vumbi hiyo hiyo ndiyo inakulaza chini, kwa hiyo huko tumia ya nyuma zaidi na pole pole. Na ukichukua skuta, ukiwa unaisukuma kuitoa nyumbani injini iwe imezimwa! Jirani yangu aliisukuma ikiwa inanguruma, mkono ukavuta mafuta bila kujua, skuta ikaenda peke yake ikaingia kwenye jiko la mama wa chapati. Alilipa unga, mafuta ya kupikia, na aibu.

Eeh, na miguu. Kaa juu yake dukani na viatu unavyovaa kazini. Visigino vyote viwili viguse chini, ama angalau nusu ya nyayo. Boxer ni zaidi kidogo ya kilo 100, si nzito, lakini ikishaanza kulala upande ambao mguu haufiki, huishiki.

Sasa jibu lako. Kama uko upande wa barabara ya Namugongo na lami inakufikisha karibu na geti, chukua skuta ya cc 110 ama 125, four-stroke (ile ambayo oili haichanganywi na petroli), si zile za 50 za Japan kama yangu, na yenye gurudumu kubwa kubwa, TVS Jupiter kwa mfano ina inchi 12 mbele na nyuma. Kabla hujalipa nenda kaulizie mkanda wake, kama mwenye duka la spea anatoa kwenye rafu saa hiyo hiyo nunua, kama anakwambia "nitakuagizia" achana nayo. Na mkanda mmoja wa ziada ukae chini ya kiti siku zote. Kama uko huku chini kwetu Kasokoso, chukua Boxer, uizoee hiyo ndizi ya nyuma. Niambie uko upande gani, na kama unataka nije kuiangalia na wewe Jumamosi asubuhi niko, ila usimwambie muuzaji tunakuja saa ngapi.