Maswali na Majibu: Mashine ya gemu isiyo na diski, je, inatufaa sisi wa Lamu?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa wavulana wawili, wa miaka 12 na 16, na tunakaa Mkomani, Lamu. Ndugu yangu anayefanya kazi Doha anakuja likizo na amewaahidi wanangu PlayStation 5. Dukani ameona za aina mbili, moja yenye mahali pa kutia diski na nyingine isiyo na mahali hapo, ambayo bei yake iko chini. Anataka nimwambie alete ipi. Intaneti yetu ni ya simu, ya kununua bando, na wanangu hupenda zaidi gemu za mpira. Hiyo ya bei ya chini ina kasoro gani? Au diski zimepitwa na wakati?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwa nyumba yako, mwambie mjomba wao alete yenye diski. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu hiyo nyingine si mashine mbovu, na ziko nyumba ambazo ningezishauri ziichukue bila kusita.

Kwa nguvu na kasi, mashine hizi mbili ni sawa kabisa, na gemu itaonekana vilevile kwenye televisheni. Tofauti kubwa ni kile kisomeo cha diski na bei. PlayStation 5 ilipotoka mwezi wa Novemba 2020, yenye diski iliuzwa Marekani kwa dola 499 na isiyo nayo kwa dola 399. Mwishoni mwa 2023 likaja toleo jembamba, na pengo likapungua hadi dola 50, yaani 499 kwa 449. Toleo hilo lina jambo moja zuri, kwamba aliyenunua isiyo na diski anaweza baadaye kununua kisomeo peke yake na kukipachika ubavuni mwa mashine. Lakini kisomeo hicho kilitoka kwa bei ya dola 80, kwa hiyo anayeanza na ya bei ya chini kisha akabadili nia huishia kulipa kama dola 530. Bei zimepanda na kushuka tangu wakati huo, na za Doha si za Marekani, lakini mjomba wao na aifanye hesabu hii dukani kabla ya kufurahia punguzo.

Jambo lenye uzito zaidi kwako ni bando. Mashine isiyo na diski haipati gemu kwa njia yoyote isipokuwa kuipakua kutoka kwenye mtandao, na gemu za siku hizi ni nzito mno. Gemu ya gigabaiti 50 haishangazi mtu, na ziko zinazopita 100. Kwa intaneti inayokwenda kwa megabiti 10 kwa sekunde bila kupungua, gigabaiti 100 huchukua kiasi cha saa 22, na ikiwa kasi ni megabiti 5, ni karibu siku mbili mchana na usiku. Hapo sijahesabu stima inayopotea wala mtandao unaozidiwa jioni watu wanaporudi majumbani. Upakuaji huendelea pale ulipokatikia, hauanzi upya, ila bando iliyotumika haina marejesho. Kabla ya kuamua, hebu uangalie bando unayonunua kwa mwezi ina gigabaiti ngapi, kisha ujiulize ni gemu ngapi zingeingia humo ikiwa nyumba nzima itaacha kutumia simu.

Tena gharama hiyo hailipwi mara moja. Hifadhi ya ndani hujaa, kwa kuwa hata toleo jembamba lenye terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja, hulazimika kuigawa na mfumo wa mashine wenyewe, na ikijaa, kijana atafuta gemu moja ili aingize nyingine. Akitamani kuirudia ile ya kwanza mwezi ujao, mwenye diski huitia na kuinakili upya bila kugusa mtandao, ilhali asiye nayo huipakua yote tena kwa bando mpya. Hapa ndipo nimeona wazazi wengi wakishtuka, kwani walidhani gemu ikishanunuliwa imelipiwa.

Lakini sitaki ununue diski ukidhani imekuondolea intaneti. Diski ya PlayStation 5 hubeba hadi gigabaiti 100, na mashine hunakili yaliyomo hadi kwenye hifadhi yake, kwa hiyo nafasi inayoliwa ni ileile. Baada ya hapo mtengenezaji wa gemu hutoa masasisho, yaani marekebisho ya kupakua, na mengine ni ya gigabaiti nyingi. Ziko pia diski zinazobeba sehemu tu ya gemu, iliyobaki ikapakuliwa, na jambo hilo huandikwa kwenye jalada kwa herufi ndogo. Ni vyema kulisoma jalada kabla ya kulipa.

Kuhusu mpira wenyewe, kuna habari mbili zinazovutana. Gemu ya EA Sports FC, ambayo hadi 2022 ilitoka kwa jina la FIFA, hutolewa upya kila mwaka kwa bei kamili. Mwenye diski anaweza kuiuza ya mwaka huu kabla mpya haijatoka, au kubadilishana na jirani, na kwa vijana wa Amu, yaani Lamu, wanaokutana kila jioni hilo si jambo dogo, maana diski tatu za watoto watatu huwa ni gemu tatu kwa kila mmoja wao. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haiazimiki, imefungwa kwenye akaunti ya aliyeinunua. Kwa upande mwingine, eFootball, gemu nyingine ya mpira, ni ya bure tangu 2021 na hupatikana kwa kupakua tu. Ikiwa wanao watatosheka na hiyo, kisomeo cha diski hakitawapa chochote, na ushauri wangu ungegeuka. Waulize wao kwanza.

Uliuliza kama diski zimepitwa na wakati. Soko linaelekea huko, sikufichi, lakini kinachopotea ni umiliki. Anayebonyeza kununua katika duka la mtandaoni hupewa ruhusa ya kutumia, na jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2024 kuwalazimisha wauzaji kulisema hilo waziwazi. Maduka yenyewe hufungwa. Nintendo waliacha kuuza mtandaoni gemu za Wii U na 3DS, mashine zao za zamani, mwezi wa Machi 2023, na duka la Xbox 360, mashine ya zamani ya Microsoft, likafungwa Julai 2024. Waliokwisha kununua waliruhusiwa kuendelea kupakua gemu zao, lakini mtoto anayeirithi mashine hiyo leo anategemea diski au kadi za gemu za mitumba.

Jambo la akaunti watu hulipuuza, nami naliona zito. Kenya haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na PlayStation Network, yaani huduma ya mtandaoni ya mashine hii, na kwa hiyo wengi hapa hufungua akaunti kwa kutaja nchi nyingine, kisha hutafuta vocha, yaani namba za kulipia dukani mwake, za nchi hiyo. Nchi ya akaunti haibadiliki baadaye, na vocha ya nchi moja haikubali katika akaunti ya nyingine. Wewe una njia iliyo safi zaidi, kwa kuwa Qatar imo katika orodha. Mjomba wao afungue akaunti yake huko anakoishi, aiweke chini ya namba ya simu na barua pepe asizozibadilisha ovyo, na akitaka kuwazawadia wapwa wake gemu awanunulie vocha na kuwatumia namba zake. Diski nazo azinunue hukohuko Doha, kwa sababu nyongeza za gemu zinazouzwa mtandaoni hudai akaunti na diski viwe vya eneo moja.

Isiyo na diski ina sifa moja ambayo mimi, kama fundi wa mashine hizi hapa Malindi, naiheshimu. Kisomeo ndicho kifaa chenye vyombo vinavyocheza zaidi baada ya feni. Lenzi ya leza hupata utando kwa unyevu wa bahari, mchanga huingia kwenye mlango wake, na watoto hutia diski mbili kwa pamoja. Katika toleo la 2020, bodi ndogo ya kisomeo imeoanishwa na bodi kuu, kwa hiyo kukibadilisha hakutoshi, sharti fundi ahamishe ile bodi ya asili. Toleo jembamba limerahisisha kazi, kwa kuwa kisomeo huchomolewa na kupachikwa, ila kipya husajiliwa kwanza kwa intaneti.

Usihofu kuhusu umeme, kwa kuwa mashine hukubali volti 100 hadi 240, na plagi inayotumika Doha ya pini tatu za mraba ndiyo yetu. Na ikiwa nyumba yenu ni ile ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene, waifai haitapenya vyumba viwili. Ruta ikae chumba kimoja na mashine, tena viunganishwe kwa waya.

Mwisho, mwambie ahakikishe kwenye boksi kwamba ni toleo jembamba. Akikuta yenye diski zimekwisha, isiyo na diski ya toleo hilo inakubalika, kwa kuwa mlango wa kuongeza kisomeo uko wazi. Asichukue isiyo na diski ya 2020, hata kwa punguzo kubwa, wala Xbox Series S, mashine ya Microsoft isiyo na diski, kwa kuwa hizo mbili hazina mahali pa kupachika kisomeo kamwe.