Nani Akusemee

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya isha, asubuhi nikaurudia na miwani. Huku tu wazima. Baba yako goti linamsumbua lakini hospitali hataki kuisikia.

Umeniuliza mambo mawili. Ile hoteli ya Nungwi uliyoomba kazi inataka majina matatu ya wadhamini, yaani watu wa kukusemea, je, umtie mjomba wako wa wizarani? Na je, hao wadhamini wana faida gani, maana hakuna mtu atakayemtaja wa kumsema vibaya?

Nianze na hili la pili, kwani una haki ya kushuku. Nilipokuwa mwalimu mkuu barua za kuwasemea watu nikiziandika na nikizipokea. Nilizozipokea ziliimba wimbo mmoja: mwaminifu, mchapakazi, ana heshima kwa wakubwa na wadogo. Ukifunika jina kwa kidole hujui anasemwa nani. Kwenye semina moja tulisomeshwa kuhusu Wamarekani wawili, Frank Schmidt na John Hunter, ambao mwaka 1998 walijumlisha tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagulia wafanyakazi. Kila njia ilipewa alama: sufuri maana yake njia haikwambii kitu, moja maana yake haikosei kabisa. Kauli za wadhamini zilipata 0.26. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe aifanye ilipata 0.54. Nilipomsimulia baba yako alicheka: "Kwani pilau unaiulizia kwa jirani au unaionja?"

Lakini 0.26 si sufuri, mwanangu. Kuna wanaosema jambo la kweli, na hao ni wale waliokuona.

Unakikumbuka kile kisa cha Sayyidna Umar alichokuwa akikisimulia babu yako? Mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi, Umar akamwambia, mimi sikujui, lete anayekujua. Akasimama mwingine akasema, mimi namjua, ni mwadilifu. Umar akamuuliza: ni jirani yako, unajua usiku wake na mchana wake? Hapana. Mmewahi kuuziana na kukopeshana? Hapana. Mmesafiri pamoja? Hapana. Akamwambia: basi humjui.

Kisa hicho nilikijua tangu mtoto, na bado nikakosea. Alikuja kijana mmoja, mtoto wa rafiki yake baba yako, alikuwa amejitolea kwetu muhula mmoja nami muhula ule nusu yake niko kwenye mafunzo Unguja. Nikamwandikia ukurasa mzima wa sifa. Baada ya wiki mbili simu ikalia ofisini. Bwana wa upande wa pili alikuwa mpole kabisa. Aliniuliza kitu kimoja: "Mwalimu, hebu nipe mfano wa siku aliyopata tatizo darasani, alifanyaje?" Nikawa nageuzageuza daftari la mahudhurio kama jibu limo humo. Nikasema, "Ni kijana mzuri sana." Akasema ahsante. Kijana kazi hakuipata, na wala si kwamba alikuwa mbaya; mimi ndiye niliyemnyamazia.

Sasa mfano wa upande wa pili ni yule mzee wetu mtunza ghala, ambaye hata hati ya mkono wake ilikuwa ya kubahatisha. Msichana mmoja alimtaja yeye badala yangu, nikanuna kidogo, sikufichi. Alipopigiwa simu mzee akaeleza kwamba siku moja yule binti alirudi skuli magharibi inaadhiniwa, kwa sababu amefika nyumbani akakumbuka amehesabu madaftari vibaya, kumi na mbili yamezidi. Hakuongeza sifa yoyote. Binti akaajiriwa.

Kwa hiyo mjomba wako mtoe. Kakuona harusini na siku za Idi, akiulizwa unawapokeaje wageni waliokasirika atasema unatoka ukoo mzuri. Barua ya sheha pia usiichanganye na hili. Ile inathibitisha kuwa u mkaazi wa shehia, ukitakiwa uiambatanishe, lakini sheha hajakuona kazini.

Mtie msimamizi wako wa fildi, mwalimu aliyekusimamia chuoni, na yule bibi wa duka la vitambaa Darajani uliyemfungia hesabu miaka miwili. Bibi huyo mwendee mwenyewe, usimtumie ujumbe. Ukimwambia "uwe mdhamini wangu" atadhani unakopa benki na ukikimbia atakamatwa yeye. Mwambie unataka akusemee tu, akipigiwa simu aeleze alichokiona. Msomee tangazo la kazi, umkumbushe ile siku ya khanga zilizokuja pungufu nawe ukagundua kabla gari haijaondoka. Watu wazima tunasahau. Na muulize nambari ipi anaipokea, maana ana laini mbili na moja nadhani iko kwa mjukuu.

Na yule bosi wako mliyeachana kwa maneno, muulize waziwazi: "Unaweza kunisemea vizuri kwa kazi hii?" Akisitasita, mshukuru uondoke. Hoteli wakitaka kumpigia kwa kuwa ndiye wa mwisho kukuajiri, watangulie wewe kuwaeleza kilichotokea, kwa sentensi mbili, bila kumtukana.

Nijulishe bibi kasemaje. Kaka yangu usimwambie kuwa mimi ndiye niliyemkata. Anakuja Pemba wiki ijayo, nitampikia pweza wa nazi kwanza, kisha nimwambie mwenyewe.

Mamako