Tarehe ya mtihani isichaguliwe na aibu

Kisumu, 11 Februari

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikalala, nikaamka nikausoma tena. Unauliza kama ufanye MCAT, huo mtihani wa kuingia shule ya udaktari huko Marekani, Aprili hii jinsi ulivyojiandikisha, au uisogeze mbele. Halafu mwishoni umeongeza kwa maneno machache: ukiisogeza, watu wa nyumbani wataonaje?

Isogeze. Hilo ndilo jibu langu, na nitakueleza limetoka wapi.

Muhula huu una kemia ogania, fizikia na baiokemia. Maabara wanakulipa kwa saa 15 kwa wiki. Jumamosi unajitolea hospitalini, na jioni mbili zinaliwa na ukatibu wa chama cha wanafunzi Waafrika. Ukishatoa hayo yote, umesema unabaki na saa 9 kwa wiki za kujiandaa. Kuna wiki 10 mpaka mtihani. Hizo ni saa 90, na wewe mwenyewe uliniambia waliokutangulia walisoma kama saa 300. Mimi ninayekuombea kila alfajiri siwezi kuzigeuza saa 90 zikawa 300. Tena wiki hiyo hiyo ya mtihani ndipo mitihani ya mwisho wa muhula inabisha hodi.

Sasa chukua mwisho wa Juni. Masomo yanakwisha mwanzoni mwa Mei. Wiki 7, siku 6 kwa wiki, saa 6 kwa siku: hizo ni saa 252, juu ya zile utakazokuwa umeshasoma. Jumapili unapumzika. Matokeo hutoka baada ya kama mwezi mmoja, na vyuo vinaanza kupokea maombi mwishoni mwa Mei, kwa hiyo fomu unaweza kuzituma mapema, alama zikafuata. Na ukifika Juni uone bado, mwaka mwingine upo. Ulinieleza kwamba visa yako inakuruhusu hadi miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yako ukishahitimu. Mwaka huo hautakuwa umepotea. Ila usichelewe kuamua, kwa sababu ada ya kubadilisha tarehe hupanda kadiri siku zinavyokaribia.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia vizuri. Mwaka 2012, ulipokuwa darasa la kwanza, nilikuwa muuguzi wa cheti kwenye dispensari, nikisomea diploma kupitia ule mpango wa shirika la afya la AMREF wa kusoma kwa kompyuta bila kuacha kazi. Mchana wagonjwa, jioni nyinyi, usiku vitabu. Mwezi wa mtihani nikapangiwa zamu za usiku. Wenzangu wawili waliniambia niahirishe karatasi moja. Nikakataa, kwa sababu chama chetu cha kuchangiana kilikuwa kimenichangia ada na baba yako alikuwa amekwisha kuwatangazia ndugu zake wote.

Asubuhi ya karatasi ile nilitoka dispensari saa moja. Mikono ilikuwa inanuka dawa ya jiki. Swali la tatu lilikuwa la mama anayevuja damu baada ya kujifungua, kitu ambacho nilikuwa nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nililisoma mara nne. Kisha nikashtuka msimamizi akinigusa bega, na kalamu ilikuwa imechora mstari mrefu kutoka katikati ya sentensi mpaka ukingoni mwa karatasi. Nilikuwa nimelala. Karatasi hiyo niliianguka. Nilirudia nikafaulu, lakini miezi ile ya kungoja nilipita sokoni Kibuye nikiinamisha kichwa, na hakuna hata mtu mmoja wa chama aliyenidai neno. Deni la aibu nililibeba mwenyewe.

Ndiyo maana lile swali lako la mwisho limenikosesha usingizi. Najua harambee ya kukupeleka Marekani ilikuwa kubwa. Najua jirani zetu wanauliza kila Jumapili: si alienda kusomea udaktari, mbona bado ana mtihani wa kuingia? Hapa kwetu mtoto anamaliza kidato cha nne, anapata alama zake za mtihani wa KCSE, KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, inampangia Chuo Kikuu cha Maseno au Moi, na baada ya miaka 6 ni daktari. Hawaelewi kwamba huko unasoma kwanza digrii ya miaka 4, ndipo unaomba shule ya udaktari ya miaka mingine 4. Kueleza hayo ni kazi yangu na ya baba yako, na nitaieleza mpaka waelewe. Usiende kukaa kwenye kile kiti Aprili kwa sababu ya mtu wa mtaani Migosi anayetaka jibu.

Na sio mtihani wa kwenda kujaribu bahati. Alama zinaanzia 472 hadi 528, katikati ni 500, na jaribio lako la mazoezi la Januari lilikupa 496. Unaruhusiwa kuufanya mara 7 maishani, lakini kila alama inayotoka vyuo vinaiona. Heri tarehe moja uliyoiva nayo kuliko mbili za kukimbilia.

Sasa la pesa, na hapa naomba unisikilize bila kubishana. Zile dola unazotuma kila mwezi kwa karo ya mdogo wako, zisimamishe mpaka mtihani upite. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ni Mei, muhula wa pili umeshapata wa kuulipa. Nilipopiga hesabu ya saa zako niliona kwamba saa kama 5 kati ya zile 15 za maabara unazifanya kwa ajili yetu. Zirudishe kwako. Ukatibu pia uache, mwambie mwenyekiti wiki hii, watampata mwingine. Hospitalini usiache kabisa. Nenda Jumamosi moja kwa mwezi, kwa sababu kila nikikusikia ukisimulia wale wagonjwa sauti yako inabadilika, na utaihitaji sauti hiyo ukiulizwa kwa nini unataka udaktari.

Umesema unaogopa kwamba hakuna kikokotoo. Kumbuka pale mezani jikoni nilivyokuwa nakupa hesabu za dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Matone 20,000 gawanya kwa dakika 480. Ulikuwa unasema 42 kabla sijamaliza kumenya kitunguu. Hakuna muuguzi anayekimbilia mashine mgonjwa akiwa amelala mbele yake. Rudia hesabu za namna hiyo kila asubuhi, makadirio na vipeo, robo saa tu.

Sehemu ya kusoma na kuchambua vifungu ndiyo inayokuangusha zaidi, nami siwezi kukusaidia sana huko. Vifungu 9, maswali 53, dakika 90, na hakuna sayansi ya kukariri ndani yake. Ninachojua ni kwamba tangu kidato cha kwanza ulisoma vitabu vya sayansi tu. Basi kila siku, hata muhula huu uliojaa, soma makala moja ndefu ya historia au sanaa au falsafa, kisha uandike kwa sentensi mbili mwandishi anashikilia nini na anampinga nani. Hilo haliwezi kusomwa kwa wiki 7 za mwisho. Linaanza leo.

Na uuzoeshe mwili. Ni saa 7 na nusu pale ndani ukihesabu mapumziko, saa 6 na robo za maswali matupu. Ukishafika Mei, kila Jumamosi isiyo ya hospitali ufanye jaribio zima, uanze saa ile ile ya asubuhi, ule kile utakachokula siku yenyewe, simu iwe mbali. Jumatatu yake usisome kipya. Kaa na makosa yako moja moja, uandike kwa nini ulikosea: hukujua, hukusoma vizuri, au ulichoka. Mimi ile karatasi yangu nilijua kila kitu kilichomo.

Baba yako amesoma barua hii na anasema niongeze kwamba amekwisha kuongea na baba yako mkubwa kuhusu tarehe, kwa hiyo hilo usilifikirie tena.

Nipo zamu ya usiku mpaka Ijumaa. Nipigie Jumapili nikitoka kanisani, unisomee tarehe mpya niiandike kwenye kalenda ya jikoni.

Mama yako anayekupenda