Muulize Mpiga Solo: Ubishi wa Black Sabbath na sahani ya chipsi mayai

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi na mwenzangu ni mafundi simu, na kibandani kwetu ni Black Sabbath kutwa, ile bendi ya roki ya Waingereza. Tangu mwimbaji wao wa mwanzo, Ozzy Osbourne, afariki Julai 2025 ubishi hauishi. Yeye anasema albamu yao bora ni Paranoid, mimi nashikilia Master of Reality. Tena nasema zile alizoimba Ronnie James Dio zisihesabiwe kabisa, bila Ozzy hakuna Sabbath. Hilo yeye hataki kulisikia. Tumewekeana chipsi mayai na soda. Tupangie wewe.
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi Sabbath niliwasikia kwanza kwenye kaseti ya kurekodiwa, miaka ya 1980, nikiwa kijana napiga rithim katika bendi ya dansi Dar es Salaam. Upande A Paranoid, upande B hiyo Master of Reality yako. Upande A ulinichangamsha vizuri tu. Nikageuza. Gitaa likatoka zito, limezama, kama mtu anayeongea akiwa kisimani. Nikajua betri zimekwisha. Nikazitoa, nikazianika juani juu ya bati mpaka jioni, nikazirudisha: vilevile! Nikaenda kumfokea mwenye redio kwamba kaniazima na betri mbovu.

Betri hazikuwa na kosa. Tony Iommi, mpiga solo wao, anatumia shoto, kwa hiyo vidole vyake vya kubana nyuzi ni vya mkono wa kulia. Akiwa na miaka 17 huko Birmingham, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha bati, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete, mkono huohuo wa kulia. Mchana alikuwa keshaenda nyumbani kula na hakutaka kurudi tena. Mama yake ndiye aliyemwambia akamalize siku. Baadaye akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa chupa ya plastiki aliyoiyeyusha, juu akavivika ngozi. Sasa, plastiki haina hisia. Hujui umebana kiasi gani. Akatafuta nyuzi nyembamba, na ilipofika 1971, kwenye Master of Reality, katika nyimbo kadhaa akazilegeza kwa nusu sauti tatu ili vidole vipate nafuu. Geezer Butler naye akalegeza besi kumfuata. Sauti ile niliyodhani ni betri ilitokana na vidole viwili vilivyokatika.

Kama una gitaa, lilegeze hivyo ujaribu. Uzi unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na ukiuchapa kwa pupa unapayuka. Iommi anaupiga na unatii. Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni Master of Reality, hapo umeshinda.

Ya pili nayo si Paranoid, mwambie mwenzako avumilie. Ni ile albamu yao ya mwanzo kabisa, yenye jina la bendi, iliyotoka Ijumaa, Februari 13, 1970. Waliipiga kwa siku moja. Sisi tuliorekodi Radio Tanzania tunaijua shughuli hiyo: bendi nzima mnaingia studio, mnapiga pamoja, mmoja akikosea wote mnaanza upya na jasho linawatoka. Ukiisikiliza albamu ile utamsikia Bill Ward kwenye dramu akimbilia mbele halafu akirudi kuwachukua wenzake. Leo kompyuta ingemnyoosha, na utamu ungekwisha.

Paranoid, ya mwaka huohuo wa 1970, naiweka ya tatu. Wimbo uliobeba jina ulitungwa haraka haraka kujazia nafasi, ndio ukawa maarufu kuliko yote. Nilishawahi kuuchomekea kwenye harusi moja Magomeni. Bibi harusi alicheza. Baba mkwe akaniita pembeni.

Sasa la Dio. Heaven and Hell ya 1980 ni ya nne, na sioni aibu. Ozzy alikuwa ameondolewa 1979, bendi imechoka, Dio akaja na koo lake na Iommi akaamka tena. Unasema bila Ozzy hakuna Sabbath? Mwanangu, kwenye dansi waimbaji wanahama kila msimu, leo yuko huku, kesho umemsikia kwa mahasimu. Tungefuta rekodi kila mwimbaji anapohama tungebaki na kabati tupu. Aliyebaki Sabbath miaka yote, albamu zote, ni Iommi. Fuata gitaa.

Zinafuata Sabotage, Vol. 4 na Sabbath Bloody Sabbath. Hizo tatu zipange utakavyo, mimi hubadilika kila wiki. Ile inayoitwa 13, ya mwaka 2013, ni ya wazee waliojiheshimu, ingawa kumkosa Bill Ward kunauma. Technical Ecstasy na Never Say Die! waachie wanaokusanya vitu.

Chipsi mayai alipe mwenzako. Soda ulipe wewe, kwa ajili ya Dio.