Jibu: Gari jipya linalolala nje Kigamboni, rangi isichuje

Habari ndugu. Umesema gari umelichukua mwezi uliopita, linalala nje Kigamboni, na ungependa baada ya miaka mitatu liuzike kwa bei nzuri.

Anza na anayeliosha. Langu la kwanza halikuharibiwa na jua, liliharibiwa na tambara. Kijana alilisugua kwa tambara lenye mchanga na sabuni ya unga, na mwaka haukuisha boneti ikajaa mikwaruzo ya duara. Sabuni ile huondoa nta yote inayokinga rangi. Sasa namwagia maji mengi kwanza, natumia shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya kusuuzia kitambaa tu. Kila miezi mitatu napaka nta, kivulini.

Kinyesi cha kunguru kinakula rangi. Kikikauka kiloweshe, usikikwangue. Uvungu nao uoshwe kwa sababu ya upepo wa bahari, lakini si kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Ukipata mkwaruzo mdogo, tafadhali usikimbilie kupiga rangi mlango mzima! Mnunuzi akiona rangi haifanani atahisi gari lilipata ajali, na hapo ndipo bei inaporomoka. Soma namba ya rangi kwenye kibati cha taarifa za gari (si kile cha namba za usajili), changanyisha kichupa kidogo, gusia palepale tu.

Turubai usilivishe gari lenye vumbi. Upepo ukilitikisa, linakwaruza kama msasa.