Muulize Mjomba wa Mikanda

Huyu mzungu mbona hakutani na wenzake?

Mjomba shkamoo. Tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu baba nikakuta ule mkanda wa ninja tuliokuwa tunauangalia utotoni mpaka deki inapata moto. Staringi ni mzungu ana masharubu, anavaa ninja ya kombati, halafu nyumbani kwake ana simu ya mezani yenye umbo la yule paka wa katuni, Garfield. Juzi nimeurudia nikiwa mtu mzima na watoto wangu, nimetoka kapa. Yule mzungu hakutani hata mara moja na kijana anayempigania kazi mtaani, wao ni simu tu mwanzo mwisho. Ina maana nusu ya mkanda ilifutwa? Msomaji, Tanga.

*Marahaba mpwa wangu.* Mkanda wako mzima kabisa, hakuna aliyeugusa. Hiyo ni Ninja Terminator ya mwaka 1985, na hawakutani kwa sababu wako kwenye picha mbili tofauti!

Ilikuwa hivi. Mwaka 1981 kampuni ya Cannon ilitoa Enter the Ninja, dunia nzima ikapagawa na ninja, na maduka ya video kule Ulaya na Marekani yakawa yanachukua chochote chenye neno ninja kwenye kava, maana kava ndio lilikuwa linauza, ndani utajua mwenyewe ukishalipa. Hong Kong kulikuwa na kampuni inaitwa IFD ya Joseph Lai, dairekta wake Godfrey Ho. Hawa jamaa wakawa wananunua picha za bei chee za Korea, Taiwani, Thailandi, picha ambazo huko nje hakuna aliyezijua, wanatafuta wazungu wachache wanawavalisha ninja, wanashuti vipande vyao bustanini, wanachanganya na ile picha ya kununua halafu wanaingiza sauti mpya za Kiingereza na stori mpya juu ya yote. Kwenye mkanda wako ile nyingine ni ya Korea. Sasa watu wa picha mbili utawakutanishaje? Ndio hiyo simu ya paka. Mzungu anaongea Hong Kong, wanakata, kijana anaitikia kwenye picha ambayo ilishaisha kitambo. Iangalie tena utaona hata rangi inabadilika kila wakikata, na hao ninja vitambaa vyao vya kichwani vimeandikwa NINJA kwa herufi za Kiingereza, sijui walikuwa wanaogopa kusahau kazi zao.

Mzungu mwenyewe ni Richard Harrison, Mmarekani aliyekuwa na jina Italia kwenye picha za mapanga na za makauboi. Alikubali kucheza picha chache tu, baadaye akajikuta yumo kwenye lundo la picha ambazo hakuwahi hata kusikia majina yake, vipande vyake vinakatwakatwa kama kitambaa cha fundi. Ilimuuma sana. Ila yule adui mwenye wigi la njano msimcheke, yule ni Hwang Jang-lee, mateke yake ndiyo yaliyomtesa Jackie Chan kwenye Drunken Master ya 1978.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba mkanda kama huo ukifika kibanda umiza, mtafsiri naye anaweka stori yake ya tatu, akina Lufufu hao. Mkorea anasema lake, Kiingereza kinasema lingine, kibandani tunaambiwa wanagombea shamba la urithi, na tulielewa kuliko wewe juzi. Kwa hiyo wanao wasimulie mwenyewe, usihangaike na Kiingereza.

Unga mweupe kwenye mkanda

Mjomba, nina mikanda kama 40 ilikaa stoo, pembeni ina unga mweupe. Niweke tu kwenye deki niione? Msomaji, Mombasa.

*Usithubutu!* Huo ni ukungu, joto na unyevu wa pwani ndio chakula chake. Ukiuingiza unapaka hedi, yaani kile kidude ndani ya deki kinachosoma mkanda, na kila mkanda utakaofuata unaambukizwa. Itenge yenye unga, weka pakavu ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, usianike juani maana plastiki inapinda. Ule unaoupenda kweli mpe fundi aufungue aufute taratibu, halafu auhamishie kwenye flashi siku hiyo hiyo. Deki nazo usichezee, Funai ya Japani waliokuwa wa mwisho kuzitengeneza waliacha 2016. Na kama hedi imeshachafuka, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, spiriti kidogo, unakishika kimetulia unazungusha lile dramu lenye hedi kwa mkono. Usisugue juu chini utaing'oa hedi, na pamba ya masikio hapana, nyuzi zake zinanasa. Nyumbani kwetu tulikuwa tunatumia pamba na pafyumu ya mama. Deki ilikufa, na pafyumu tulichapiwa.

DVD ya shangazi

Mambo mjomba, shangazi kanitumia DVD za kung fu orijino kutoka Leicester, deki inaandika eti rijioni sio. Kaibiwa? Msomaji, Dodoma.

*Poa.* Hajaibiwa. Rijioni ni namba ya sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezwa ichezwe, DVD za Uingereza ni 2, sisi huku tuko 5. Deki nyingi za Kichina hazibagui, na hata hiyo yako inaweza kufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti, tafuta mtandaoni kwa jina la modeli. Ila kama una mashine ya Blu-ray mwambie shangazi safari ijayo atume hizo, kwa Blu-ray Uingereza na sisi wote tuko rijioni B. Na ukiona picha imeisha dakika chache kabla ya muda ulioandikwa mtandaoni usiseme imekatwa, sinema inapigwa kwa picha 24 kwa sekunde, DVD za huko zinakwenda 25, kwa hiyo ya dakika 100 inaisha kwenye 96 hivi. Mateke nayo yanakuwa ya haraka kidogo, ambalo kwa kung fu mimi silalamiki.