Kabla ya Kijerumani, jifunze nyumba

Naona wengi mnaojiandaa kuja Ujerumani na familia mnauliza cheti cha lugha na bei ya tiketi tu. Sawa, ila sisi tulifika Stuttgart kutoka Tanga watu wanne na mabegi sita, na kilichotutoa jasho sio lugha, ni nyumba.

Fleti za kupanga huku nyingi hazina jiko. Sisemi jiko la gesi, nasema hamna kitu kabisa, sinki hamna, kabati hamna, mabomba tu yametokeza ukutani na juu kwenye dari waya zinaning'inia maana aliyehama kaondoka hadi na taa. Mtoto wangu mdogo wa miaka mitatu kazunguka vyumba vyote akarudi, "mama jikoni ni wapi?" na tumesimama humo humo. Wiki tatu tulipikia jiko dogo la umeme la sahani moja juu ya stuli. Kwahiyo ukiona tangazo uliza jiko lipo au halipo, na uliza kodi iliyoandikwa ni Kaltmiete, yaani nyumba tupu, au Warmmiete ambayo hita na gharama za jengo zimo. Dhamana mwisho ni miezi 3 ya ile kodi tupu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, mi sikujua nikaitoa yote siku moja, tukala wali maharage mpaka mshahara.

Mkishahamia mna wiki 2 za kwenda kujiandikisha ofisi ya mji, na mwenye nyumba lazima akupe karatasi ya kuthibitisha mmehamia. Na jamani, majina kwenye sanduku la barua! Mi natumia jina la baba yangu, mume la baba yake, tukabandika la mume tu. Barua ya kadi yangu ya benki ikarudi ilikotoka mara mbili, mtu wa posta haoni jina haachi kitu. Bandikeni yote. Na ikija barua ya ada ya redio na TV, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, sio matapeli, unalipa hata kama TV huna.

Sasa dirisha. Tulifika Novemba, sisi na baridi hatujuani, tukafunga kila kitu. Ndani maharage yanachemka masaa mawili, nguo tumeanika chumbani, vioo asubuhi vinatiririka maji na mi nafurahi eti nyumba ina joto. Januari nikasogeza kabati la watoto kutafuta soksi, ukuta nyuma yake mweusi, ukungu kuanzia chini mpaka kiunoni, na koti zuri la mkubwa limeshanuka. Mwenye nyumba alivyokuja akasema kosa letu. Nilikasirika, ila sehemu kubwa alikuwa sahihi.

Aliyenifundisha ni bibi wa ghorofa ya chini. Zima hita, fungua madirisha wazi kabisa, ikiwezekana ya pande mbili upepo upite, dakika 5 mpaka 10 halafu funga, asubuhi na jioni, na kila ukimaliza kupika au kuoga. Ule mtindo wa kuliinamisha dirisha kidogo likakaa hivyo siku nzima huku hita inawaka, unapasha joto barabara ya nje, sio nyumba. Kabati liache nafasi na ukuta wa nje. Nikanunua na kimashine kidogo cha kupima unyevu, kikipita asilimia 60 nafungua hata kama kuna theluji, watoto wanalalamika nawaambia vaeni sweta. Halafu mjue hesabu ya hita inapigwa mwaka ukiisha na mwenye nyumba ana miezi 12 ya kukuletea, kwahiyo bili ya baridi yetu ya kwanza ilitukuta tumeshaisahau. Wekeni akiba tangu mwezi wa kwanza.

Huyo huyo bibi ndo aligonga mlango Jumapili moja saa saba mchana nikiwa natwanga bizari ya pilau. Alidhani tunatoboa ukuta. Nikamuonyesha kinu, akainusa bizari akacheka, lakini akasema Jumapili hapana, siku nzima ni kimya, kama vile kila siku kuanzia saa nne usiku. Siku hizi natwanga Jumamosi. Na ukikuta kibao kimeandikwa Kehrwoche kimetundikwa mlangoni kwako sio pambo, ni zamu yako ya kufagia ngazi wiki hiyo. Mi nilikitundua nikampa mtoto achezee.

La mwisho kwa mnaoanza kazi na mna watoto wadogo, chekechea hawampokei mtoto ukamuacha getini. Siku za kwanza unakaa naye darasani kwenye kikiti chako pembeni, baada ya saa moja mnarudi nyumbani, kesho unatoka nje robo saa wanaangalia atalia vipi, wanaongeza hivyo kidogo kidogo. Kwetu ilichukua wiki tatu, na mi nilikuwa nimemwahidi mwajiri naanza Jumatatu ile ile. Mwambieni mwajiri mapema, au mpangiane zamu na mwenzio. Kwangu ilibidi baba yao aombe ruhusa kazini, na ndo alikaa yeye kwenye kikiti kile, magoti yamefika kidevuni, mpaka mtoto akamwambia baba nenda.